Serikali Ilipofuata Harufu

Kama hujapata kuvundika makumbi ya nazi, mshukuru Mola, kisha uishukuru pua yako. Kumbi bichi halisokoteki. Sharti ulizamishe majini, ulikandamize kwa mawe, uliache lioze mpaka nyama yake iachane na nyuzi. Ndipo ulitoe, ulitwange, ulioshe, upate usumba wa kusokotea kamba. Wanawake wa Msambweni huyafukia makumbi yao ufuoni, wakazaa, wakaachisha ziwa, ndipo wakaenda kuyafukua. Mwanamkuu binti Rai hakuwa na subira hiyo. Yeye alikuwa na Mwakoma.

Mwakoma ni chemchemi ya maji moto, bara kidogo ukitoka Msambweni, inayofuka moshi asubuhi kama jiko la mtu aliyechelewa kuamka. Maji yake si ya kupikia chai, lakini ukitia mguu bila kusema bismillahi utaisema ukiwa umekwisha utoa. Marehemu mamake Mwanamkuu alichimba madimbwi chini ya jicho la chemchemi, maji yakawa yanashuka dimbwi hadi dimbwi yakipoa njiani, na humo kumbi lilivunda upesi kupita baharini. Mzee Rai alipofariki, wanawe wa kiume waligawana minazi. Mama alipofuata, Mwanamkuu, ambaye mumewe alikuwa amemrudisha nyumbani na talaka na sanduku tupu, akarithi madimbwi na uvundo wake.

"Katika mali yote ya wazee wetu," alikuwa akisema, "ni yangu peke yake ambayo hayajagombewa."

Alisema hivyo hadi mwaka wa tano wa Uhuru. Mwaka huo serikali iliyafuata.

Ilikuja kwa Landrova. Aliyeshuka ni kijana mrefu, shati jeupe, viatu vya kupandia majabali, jina lake Garama wa Nzai, mtaalamu wa mawe na moto ulioko chini ya ardhi, kasomeshwa ng'ambo kwa fedha za serikali mpya. Lakini kwao ni Taru, nchi ya mbuzi na miiba, ambako nazi ikifika huwa imekwisha fuliwa na kutiwa guniani. Hao vibarua aliokuja nao walitoka bara kabisa. Wao nazi waliijua kwa picha. Basi katika msafara ule mzima hapakuwa na pua hata moja iliyopata kukutana na kumbi lililooza.

Garama alisimama ukingoni mwa dimbwi kubwa, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyepitishiwa chetezo cha udi.

"Nimeona wanaume wengi wakifika hapa," Mwanamkuu alimwambia shoga yake Mbodze jioni ile. "Wote huziba pua. Huyu alizidi kuifungua. Nikasema, masikini, mtoto wa watu anaumwa."

Kijana alitoa kikaratasi cheupe kwenye kopo, akakilowesha, akakining'iniza juu ya maji. Kikaratasi kikageuka hudhurungi, kikaendelea, kikawa cheusi kama sufuria ya harusini. Garama akacheka peke yake. Akawaeleza vibarua wake kwa Kiingereza, na Mwanamkuu, ambaye Kiingereza chake kilikuwa yesi na no na tena si kwa mpango huo, hakuambulia kitu. Lau angeambulia, hadithi hii ingekwisha hapo. Kijana alikuwa akisema kwamba harufu ya yai viza, ile inayogeuza kikaratasi kuwa cheusi, ikiwa juu ya maji moto ni salamu ya mvuke mkali ulioko chini. Kwamba ng'ambo mvuke wa namna hiyo unatoboliwa, unazungusha mitambo, unatoa umeme. Na kwamba Wazungu waliopita kabla ya Uhuru waliandika kuwa pwani hii haina lolote chini yake ila mchanga. Sasa yeye, mwana wa mchunga mbuzi, alikuwa ameshika ushahidi mweusi mkononi.

Akamgeukia Mwanamkuu. "Dada, harufu hii iko hapa siku nyingi?"

"Tangu enzi za mama yangu."

"Haikatiki?"

"Ikatike twende wapi?"

Kijana akafurahi zaidi. Yeye Mwanamkuu hakuona haja ya kusema zaidi. Nani humweleza mtu mzima kwamba moshi unatoka kwenye moto? Makumbi yalikuwa mle majini, chini ya mawe, na uvundo ulikuwa juu yake. Isitoshe, alikuwa ameanza kuingiwa na shaka kwamba serikali imekuja kupeleleza kazi yake ijenge kiwanda cha kamba. Akafunga kinywa.

Juma lililofuata vibarua walipigilia vigingi kuzunguka chemchemi, wakavizungushia kamba ya katani. Katani, jamani, pale pale penye usumba. Kigingi cha katikati, chenye kitambaa chekundu, kilisimamishwa ndani ya dimbwi kubwa. Hapo ndipo mtambo wa kutoboa ardhi utakapokaa.

Chifu Makame akaitisha baraza. Alikuwa mtu wa miraba minne aliyevaa kaki hata harusini, na fimbo yake ya kazi hakuiweka chini ila wakati wa kutawadha. Akatangaza kwamba chini ya Mwakoma serikali imegundua moto. Kwamba moto huo utakuwa umeme. Kwamba hospitali ya Msambweni itawaka taa kila chumba, barabara italetwa, na kila mwenye akili ataweka mashine ya kusaga nafaka.

Hapo watu walimgeukia Abdalla, mdogo wake Mwanamkuu, kwa kuwa Abdalla na mashine ya kusaga walikuwa kama mchumba na mchumba. Alikuwa amekwisha jenga kibanda cha kuiweka. Kibanda kilikuwa kitupu, kuku wakitagia humo, lakini mlangoni alikuwa ameandika kwa rangi: ABDALLA RAI, MASHINE.

"Kwa hivyo," Chifu akamaliza, "madimbwi ya makumbi yafungwe. Binti Rai, umesikia?"

Mwanamkuu alikuwa amekaa upande wa wanawake, anasokota kamba pajani. Hakuinua macho. "Nimesikia, Mzee Makame. Sijakubali, lakini kusikia nimesikia."

"Hukuulizwa kukubali."

"Ndiyo maana nasema mapema, nisije nikasahaulika."

Watu wakacheka. Chifu akapiga fimbo chini. "Hii ni serikali yako mwenyewe. Si ya mkoloni tena."

"Mkoloni aliyaona madimbwi yale akaziba pua akaenda zake. Serikali yangu mwenyewe ndiyo inayoyataka. Mimi sina ugomvi na umeme, Mzee. Naomba tu mtu aniambie, umeme ukija, mimi nitavundika wapi?"

"Ufuoni, kama wenzako."

"Ufuoni kila kipande kina mwenyewe, na mwenyewe ana kaka wa kumtetea. Mimi kaka zangu wamekaa pale, wanangoja taa."

Abdalla akaangalia vidole vyake vya miguu. Garama, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, alisimama akasema kwa upole kwamba serikali itamfikiria kila mtu. Mwanamkuu akamwuliza itamfikiria lini, kabla ya kutoboa au baada. Kijana akakaa.

Kesho yake Mwanamkuu alikuwa dimbwini, anatwanga, kigingi chenye kitambaa chekundu kikiwa kando ya kiwiko chake. Na kesho kutwa. Vibarua walimwomba atoke, akawaomba wao wakae kivulini wasije wakaungua. Wanawake wenziwe, ambao awali walikuja kumsihi, wakachoka kusihi, wakashika michi. Chifu alituma askari. Askari alirudi na kamba mpya ya kufungia ng'ombe wake na maelezo yasiyoeleweka.

Ndipo ikaja habari kwamba Mkubwa wa kutoka Nairobi atashuka mwenyewe kuona moto wa Mwakoma. Akiridhika, mtambo utaletwa. Chifu Makame hakulala vizuri. Alimwazia Mkubwa akishuka garini, suti nyeupe, halafu anapigwa na uvundo ule usoni. Aibu ilioje kwa tarafa nzima. Akangoja siku Mwanamkuu alipokwenda Msambweni kuwauzia kamba wenye vyombo vya baharini, na Garama akiwa Matuga kwenye ofisi za serikali kufuata hema la wageni. Hapo akawaleta askari wake. Wakayatoa makumbi yote, wakayatupa korongoni, wakafungulia maji ya chemchemi yakapita kwa nguvu, yakasafisha madimbwi hadi changarawe ikaonekana. Kisha wakanyunyiza chokaa kwenye mawe. Palipendeza, haki ya Mungu. Ungedhani kaburi la tajiri.

Mwanamkuu aliporudi hakupiga kelele. Alishuka korongoni na kapu, Mbodze nyuma yake, na wengine nyuma ya Mbodze, wakayapandisha makumbi mpaka uani kwake. Mali ya msimu mzima. Mengine yalikuwa bado kuvunda. Yakikauka yangekufa na kuwa kuni. Akayamwagia maji, akayafunika kwa majani ya migomba, akakaa juu yake kama kuku juu ya mayai.

"Sasa tufanyeje, shoga?" Mbodze akauliza.

"Tunywe chai kwanza. Kesho nayarudisha nyumbani kwao."

"Kesho ndiyo anakuja Mkubwa."

"Basi atanikuta."

Asubuhi Garama, aliyerudi usiku na hema, aliamka mapema akavaa shati lililopigwa pasi. Akaenda chemchemini, akalowesha kikaratasi, akakining'iniza juu ya dimbwi. Kikabaki cheupe. Akachukua kingine. Cheupe. Akainama mpaka ncha ya pua ikaloa, akavuta pumzi. Chokaa.

Chifu alikuwa amesimama pembeni, kaki mpya, anangoja kusifiwa. "Tumepasafisha, Bwana Garama."

"Mmesafisha nini?"

"Uvundo. Hata inzi huwapati."

 Kijana aliondoka pale akiwa amekishika kikaratasi mbele yake kama mtu aliyebeba mshumaa, akaifuata njia ya kijijini. Watu walimwona wakamwachia njia. Alipopita msikitini kilikuwa cheupe. Penye kibanda cha mashine isiyokuwepo kilikuwa cheupe. Alipofika kwenye ua wa Mwanamkuu, hajapiga hodi, kikaanza kubadilika pembeni. Alipoingia, kikawa cheusi.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba. Karibu. Mbona umeshika msiba?"

"Nini hicho ulichokalia?"

"Makumbi."

"Na harufu hii?"

Mwanamkuu akamtazama Mbodze, Mbodze akamtazama Mwanamkuu. "Kwenu Taru hamna makumbi?"

"Kwetu kuna mbuzi."

Akakaa chini, pale pale kwenye mchanga, na pasi yote ya shati. Akawaeleza sasa kwa Kiswahili habari ya yai viza, ya mvuke, ya kikaratasi. Alipomaliza, Mbodze alikuwa amejifunika uso kwa leso na mabega yanamtikisika. Mwanamkuu hakucheka. Siku nyingine angecheka kupita wote, lakini kijana alikuwa amekaa kama mtu aliyeletewa habari za kifo.

"Sasa moto hakuna?"

"Moto upo, maji si yanachemka? Lakini huenda ni kidogo tu. Umeme hautoki kwenye maji ya kuogea. Ushahidi wangu wote ulikuwa ni huu." Akakitupa kikaratasi. "Wazungu walisema hapa hakuna kitu. Mimi nikasimama mbele ya watu nikawaambia ni waongo."

Kabla hajajibiwa, Chifu Makame aliingia, na Abdalla, wote wawili wanahema. Maneno ya kijana yalikuwa yamewafikia nje ya ua, na Chifu alikuwa amekwisha kuelewa mambo. Kwa upesi wa kuelewa yanayomhusu hakuwa na mfano.

"Binti Rai," alisema, na fimbo ameibana kwapani, "yarudishe makumbi dimbwini."

"Jana yalikuwa takataka."

"Jana ilikuwa jana. Mkubwa yuko Diani anakunywa chai. Alasiri yuko hapa. Yarudishe, kijana aonyeshe karatasi yake, Mkubwa aridhike. Mtambo ukishaletwa umeletwa. Hauwezi kurudishwa Nairobi kwa sababu ya makumbi."

"Na huo mtambo utakaa wapi?"

Chifu akakohoa.

"Utakaa dimbwini," Mwanamkuu akasema. "Yaani unaniomba nitie makumbi yangu majini, yanuke kwa ajili yenu, kisha mnitoe mimi na makumbi."

Abdalla akapiga magoti. Mwanamume mzima, mbele ya wanawake. "Dada. Nakuomba. Siku moja tu. Wakitoboa huenda wakaukuta huo moto kweli. Hospitali itapata taa. Dada, mimi nimejenga kibanda."

Hapo moyo ulimwuma Mwanamkuu, kwa sababu Abdalla alikuwa kitinda mimba wao, aliyembeba mwenyewe mgongoni mama yao akiwa madimbwini. Akamgeukia Garama. "Na wewe, msomi, wasemaje?"

Garama alikuwa anachora mchangani kwa kidole.  "Siku moja," alisema mwisho, bila kuinua uso. "Nikipata mtambo, nitatoboa, nitajua. Pengine nitakuta. Wakiondoka leo hawatarudi tena, na watasema Mwafrika alipewa kazi akafuata harufu ya makumbi."

"Kwani hukuifuata?"

Garama akafuta alichokichora.

"Sikilizeni," Mwanamkuu alisema, akasimama juu ya lundo lake. "Nimeambiwa nitoke, sikutoka. Nimetupiwa mali korongoni, nimeiokota. Sasa naambiwa nidanganye ili nitolewe vizuri. Hilo la kudanganya ningeliweza, si zito. Zito ni kwamba mnataka nijichimbie kaburi na jembe nitoe mimi. Sirudishi kwa ajili ya Mkubwa. Nitarudisha kwa ajili yangu, na nitarudisha yeye akitazama."

"Nitakufunga," Chifu akasema.

"Unifunge kwa kamba ipi? Zote zimetoka hapa."

Alasiri magari yakaja, yamemeta. Mkubwa alikuwa mtu mnene mwenye lafudhi ya bara, na watu wake walimfungulia mlango kama wanaofungua sanduku la vyombo vya kioo. Kijiji kizima kilikuwapo. Chifu alitoa hotuba yenye maneno "maendeleo" na "mheshimiwa" tupu. Kisha Garama akaitwa aonyeshe. Akasogea ukingoni na kopo lake.

Mwanamkuu akapita katikati ya watu na kapu la makumbi kichwani, maji yanamchuruzika mabegani. Wanawake nyuma yake, kila mmoja na kapu. Uvundo uliwatangulia kama tarishi. Waheshimiwa wakatoa vitambaa.

"Mama, unaenda wapi?" Mkubwa akauliza.

"Kazini."

"Wewe unajua unasema na nani?"

"Nasema na mgeni. Karibu Mwakoma." Akalitua kapu mbele ya Garama. "Mwonyeshe mgeni karatasi yako."

Chifu akapiga hatua, lakini kijana alikuwa amekwisha ilowesha. Hakuipeleka majini. Aliishika juu ya kapu. Ilipogeuka nyeusi akaiinua juu watu wote waione.

"Mheshimiwa," Garama akasema, "harufu niliyoiandikia Nairobi ni hii. Inatoka kwenye kazi ya huyu dada. Haikutoka ardhini. Nilikosea. Maji haya ni ya moto na yafaa kuchunguzwa, lakini kwa kipimo na kwa miaka, si kwa mtambo wa kesho. Naomba vigingi ving'olewe."

 Mkubwa akageuka rangi. Alikuwa amekuja na mpiga picha.

"Vigingi vya serikali," akasema polepole, "having'olewi na mama wa makumbi. Ardhi hii imepimwa, itabaki imefungwa. Chifu, mtu asiingie humo."

"Ndiyo, mheshimiwa," Chifu akasema. "Umesikia, binti Rai? Amri."

Mwanamkuu akajifunga leso kiunoni. Akainua kamba ya katani, akapita chini yake, akasema bismillahi, akashuka dimbwini mpaka mapajani. Maji yakamchoma akakunja uso, hakutoka. Akapokea kapu kutoka kwa Mbodze akalimimina. Akainama akatafuta mawe yake; yalikuwa yamepakwa chokaa, akayasuguasugua kwa kiganja, akaanza kuyapanga juu ya makumbi moja baada ya jingine, bila haraka, kama mtu anayetandika kitanda chake.

"Askari," Chifu akaita.

Askari wakakaribia ukingo. Mmoja akatia ncha ya kiatu majini, akaitoa.

"Ingieni," Mwanamkuu akawaambia. "Nimo humu. Mtanikamata, mtanibeba, mtanipeleka gerezani Kwale. Nikitoka nitarudi. Mkinifunga tena, yupo Mbodze. Baada ya Mbodze yupo Kahaso, na Kahaso ana mabinti wanne. Au mtajaza maji haya mchanga? Mlisema wenyewe kuna moto chini. Uzimeni basi."

Wanawake walikuwa wamekwisha kuingia, mmoja mmoja, wakipiga bismillahi, na aliyekuwa Mkristo akaomba kwa Yesu wake, dimbwi likajaa. Uvundo ukapanda, mzito, wa kale. Mpiga picha alitapika nyuma ya gari. Mkubwa alitazama, akamtazama Chifu, akatazama viatu vyake, na bila kusema amri imeondolewa wala imebaki, akaingia garini. Vumbi likafuata.

Chifu Makame alibaki na fimbo. "Umetuharibia, binti Rai. Barabara imekwenda. Taa zimekwenda."

"Zije tena, zinipite kando. Nitazipokea."

Garama alikuwa anang'oa kigingi chenye kitambaa chekundu, kwa mikono miwili, kimegoma. Hakuna aliyemsaidia wala aliyemzuia. Watu wengi walikuwa wameanza kuondoka, na kati yao wapo waliompita Mwanamkuu wakitema mate pembeni. Kwao giza la miaka ijayo lilikuwa limepata jina na jina lilikuwa lake. Aliwaona. Akaendelea kupanga mawe.

Alipoinua kichwa, Abdalla alikuwa amesimama ukingoni, macho mekundu.

"Sijakusamehe," Abdalla akasema.

"Sijakuomba. Lete kapu hilo."

"Sitakusamehe kesho wala mtondo."

"Makumbi yanakauka, Abdalla. Nuna ukiwa unabeba."

 Abdalla akavua viatu, akaviweka mbali na chokaa, akajitwika kapu, akashuka ndani ya maji ya moto bila kusema bismillahi, na alipoisema, ilisikika mpaka njia kuu.